Kempavani Arusha na Moshi: tafuta fundi kwanza, gari baadaye

Watu wanaonipigia kuhusu kempavani, yaani gari la kulala na kupikia humohumo ndani, karibu wote wanaanza hivi, "kaka nimeshanunua Hiace, ipo njiani inakuja Dar, sasa niambie fundi gani hapo Arusha atanitengenezea ndani nilale humo na familia?" Na mi roho inaniuma kwasababu hapo mambo makubwa yote yameshaamuliwa, urefu wa paa, upana wa bodi, injini, fowili (gari linalovuta kwa matairi yote manne) au sio fowili, na aliyeamua ni picha za kwenye simu.

Najua kwasababu nilifanya hivyohivyo. Nilinunua Hiace ya paa la kawaida, nikaipeleka kwenye gereji moja Arusha ambayo siitaji jina, walikuwa na magari ya watalii mazuri sana pale nje yanang'aa. Paa la kuinuka walinitengenezea vizuri hadi leo halivuji. Lakini makabati walifanya ya MDF, zile bodi za unga wa mbao ulioshindiliwa, na waya za umeme walipitisha nyembamba bila fyuzi hata moja, safari ya kwanza ya Natron tulivyopita Engaruka milango ya kabati ikaanza kudondoka, usiku mke wangu ananiamsha anasema anasikia harufu ya plastiki inaungua. Waya wa friji ulikuwa umeyeyuka nyuma ya ubao, pembeni kabisa ya godoro la watoto. Toka siku hiyo hili jambo nalichukulia kwa uzito na ndio maana naandika yote nnayoyajua.

Hatua ya 1: Andika utalala wapi, na nani, siku ngapi

Kabla ya gari kabla ya fundi, chukua daftari. Andika safari tano unazotaka kweli kwenda mwaka wa kwanza. Kama ni Marangu, Lushoto, Babati hadi Dodoma, hizo zote ni lami au karibu na lami, gari la kawaida linatosha kabisa usipoteze hela kwenye fowili. Kama umeandika Natron kupitia Mto wa Mbu, milima ya Upare kule Usangi na Ugweno, au ndani ya Tarangire kipindi udongo mweusi umelowa, hapo ni mazungumzo mengine. Na kama unataka kushuka kreta Ngorongoro lazima fowili, hamna mjadala.

Alafu andika watu. Wawili ni gari moja, wawili na watoto wawili ni gari lingine kabisa. Andika na urefu wa mtu mrefu kuliko wote humo ndani, kwa sentimita, hiyo namba utaitumia sana. Mwisho andika utakaa siku ngapi bila kuwasha injini, kwasababu hiyo ndio inaamua betri na maji.

Hatua ya 2: Zunguka kwa mafundi, ukiwa bado hela ya gari iko benki

Hapa ndipo nataka utulie.

Arusha tuna bahati ambayo miji mingi haina. Mafundi wetu wamelelewa na utalii, wanakata Land Cruiser katikati wanarefusha chasisi, wanatengeneza bodi, madirisha, paa la kuinuka, na gari linaenda Serengeti na kurudi miaka na miaka kwenye ile barabara ya vimigongo inayotetemesha kila kitu kama mashine ya kusaga. Ukienda Unga Ltd au Njiro utakuta vijana wanaochomelea chuma vizuri kweli.

Lakini gari la watalii na gari la kulala ni vitu viwili. Gari la watalii linabeba watu mchana, jioni wanashuka wanaenda kulala lodge. Halina kitanda, halina jiko ndani, halina mtu anayepumua humo masaa nane milango imefungwa. Umeme wake mara nyingi ni wa kuchajia simu na kamera na kifriji cha soda, tena injini inatembea. Kwahiyo fundi mzuri wa safari anaweza kuwa bingwa wa chuma na paa, na bado hajawahi kupiga hesabu ya betri ya pili hata siku moja. Sio kosa lake, hajaulizwa. Mi kosa langu lilikuwa kudhani aliyeweza paa ataweza na waya.

Ndio maana nashauri kazi uigawe kwa watu watatu: fundi chuma na bodi, fundi umeme anayejua sola, na seremala. Wa nne ni fundi viti kwa ajili ya magodoro na mapazia, huyo hana shida kumpata. Alafu mmoja wao awe mkuu wa kazi, anayejua nani anaingia lini, usipofanya hivyo seremala atafunga ukuta kabla waya hazijapita na utalipa mara mbili. Ukipata gereji yenye wote watatu chini ya paa moja ni vizuri zaidi, ila wapime mmoja mmoja.

Unawapimaje? Usiangalie gari lililotoka jana, gari jipya kila mtu anaweza kuling'arisha. Mwambie, "fundi, naomba nione gari ulilotengeneza miaka miwili iliyopita na namba ya mwenye gari niongee naye." Fundi aliyefanya kazi safi anafurahi kuulizwa hivyo, anapiga simu palepale. Ukiliona hilo gari fungua kila mlango wa kabati, utingishe kwa mkono, ingia chini uangalie pale walipokata na kuchomelea kama kuna kutu au ufa, mwaga maji juu ya paa uone. Ukiweza omba upande uzungushwe barabara ya vumbi usikie kelele.

Fundi umeme muulize maswali mawili tu. La kwanza: friji iko mita nne kutoka kwenye betri, utatumia waya wa unene gani? La pili: fyuzi unaweka wapi? Akijibu "tutaangalia tukifika huko", mshukuru kwa heshima uondoke. Anayejua atakuuliza kwanza friji inakula ampea ngapi, na atakwambia fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, sio huko mwisho kwenye friji, maana fyuzi kazi yake ni kuulinda waya.

Seremala muulize atatumia ubao gani. MDF ikinywa maji inavimba na hairudi, alafu ni nzito, bodi moja nzima ya milimita 18 inakaribia kilo 40. Unataka plaiwudi ya marini, ile inayovumilia maji, ya milimita 9 au 12, na fremu ya mbao nyepesi iliyokauka vizuri, paini au saipresi hizi zetu zinafaa. Viungo viwe na gundi na skrubu vyote viwili, misumari hapana, mtetemo unaing'oa. Na kwenye chuma nati ziwe zile zenye plastiki ndani zisijifungue zenyewe.

Mtu wa Moshi usidhani lazima uende Arusha kwa kila kitu. Chuma na paa ndio nakushauri Arusha, ila mbao, viti na hata umeme Moshi wapo wazuri, wapo vijana waliopita VETA Moshi wanafanya kazi ya kueleweka. Kati ya miji hii ni kama kilomita 80 za lami, gari linaweza kwenda na kurudi.

Hatua ya 3: Sasa gari

Ukishampata fundi kaa naye na lile daftari, muulize yeye angechagua lipi. Mi mtazamo wangu ni huu.

Hiace ndio jibu kwa watu wengi na sina aibu kulirudia. Spea zipo kila kona kuanzia Same hadi Karatu, na fundi wa kijijini anaijua. Hii ya bodi iliyoanza 2004 ina saizi mbili za kuangalia zaidi. Ya kawaida ina urefu wa mita 4.695 na upana mita 1.695 kwa nje, ukitoa kuta na zile nyama za ndani mtu mzima hawezi kulala kwa upana hata ufanyeje, kitanda lazima kiende kwa urefu wa gari na kinakula nafasi yote. Ile ndefu kabisa ya paa la juu ina mita 5.38 kwa 1.88, kimo mita 2.285, hapo mtu unapata jiko na kitanda kwa pamoja, ila kwa wengi wetu ndani bado utainama kidogo. Familia ya wanne chukua hiyo au chukua ndogo na ukubali kukata paa.

Injini: 3.0 ya dizeli, 1KD, ina nguvu na inapanda Sekenke bila kulia, lakini inataka umakini kwenye nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Zile sili za shaba chini ya nozeli zikichoka moshi unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la oili huko chini kwenye sampu na injini inakufa kwa kukosa oili. Kwahiyo ukinunua 1KD weka pembeni hela ya kubadilisha sili na kufungua sampu kusafisha, fanya mapema kabla hujajenga chochote. Petroli ya 2.7 ni tulivu na rahisi kutunza, inakunywa zaidi. Kwa mtu anayesafiri mara nne kwa mwaka mi ningechukua petroli. Fowili zipo pia, ukiona namba ya chasisi inaanza na KDH206 hiyo ni dizeli 3.0 fowili, KDH201 ni hiyohiyo bila fowili. Ila elewa kwamba fowili ya Hiace haina gia ya chini kama Land Cruiser, itakutoa kwenye utelezi na mchanga mwepesi, haitakupeleka kwenye korongo.

Land Cruiser za safari zilizotumika zinauzwa sana hapa mjini na zinavutia, hasa zenye 1HZ, ile 4.2 isiyo na tabo, injini ya kuaminika kweli. Tena mafundi wote wa Arusha wanaijua wakiwa wamefumba macho. Angalia tu chasisi ilipounganishwa wakati wa kurefusha, leta fundi chuma wako alale chini na tochi. Na kubali kwamba ni nyembamba ndani kwa kulala, na ni ghali.

Noah na Bongo ni za wawili, wikiendi, lami. Bongo Friendee nyingine zinakuja na paa linaloinuka kwa umeme toka kiwandani, nzuri sana, ila ile dizeli yake ya 2.5 ina historia ya kuchemka maji yakipungua, usiinunue bila kukagua mfumo wote wa maji. Coaster ni nyumba kabisa, ila ukizidi kilo 3,500 unaanza kuingia mizani, na kupata pa kuegesha Moshi mjini ni kazi.

Hatua ya 4: Kulikagua

Kama unaagiza Japani omba karatasi ya mnada, soma maksi na michoro ya bodi, linganisha kilomita. Gari lililokaa mikoa ya theluji lina kutu chini kwa sababu ya chumvi wanayomwaga barabarani, omba picha za uvungu sio za siti. Bei ya ushuru piga mwenyewe kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujalipa hata senti, umri wa gari na saizi ya injini vinabadilisha hesabu sana na watu wengi wanaumia hapo.

Kama ni la hapahapa, liendeshe likiwa la baridi asubuhi, sio mchana limeshapashwa na mwenye nalo. Sikiliza difu, angalia shokapu, angalia kadi na namba ya chasisi zinalingana. Na usinunue gari ambalo siti na dari vimetengenezwa upya ukaambiwa "vipo safi", mara nyingi kuna maji yaliingia.

Hatua ya 5: Lala ndani ya gari tupu

Usiku mmoja, godoro chini, mke au mume na watoto wote ndani. Hii hatua watu wanairuka na ndio ya bei rahisi kuliko zote. Siku hiyo utajua kichwa kinagusa wapi, mtoto akitaka kukojoa saa nane usiku anapita juu ya nani, joto la Moshi linatokea upande gani. Asubuhi chukua tepu ya karatasi uchore sakafuni kitanda, kabati, friji, jiko, kwa saizi halisi. Simama, inama, jifanye unapika. Hamisha mpaka utosheke, piga picha, pima kwa futi, hiyo ndio ramani utakayompa fundi.

Hatua ya 6: Maandishi, na hela kwa awamu

Fundi hata awe mtoto wa mjomba, andikeni. Kazi gani, ubao gani, waya gani, siku gani, nani ananunua vifaa. Mi vifaa vya umeme nanunua mwenyewe na risiti ya EFD naweka, kwasababu betri ikigoma dhamana iko kwa mwenye risiti.

Hela gawanya mara nne. Ya kwanza ya vifaa. Ya pili chuma na paa vikiisha na maji yamemwagwa hayavuji. Ya tatu waya zikiwa zimepita zote na kuta bado ZIKO WAZI, hapo nenda na simu upige picha kila waya ulipopita, hizo picha zitakuokoa miaka ijayo. Ya nne, usitoe mpaka umelitembeza kama nitakavyoeleza Hatua ya 9.

Na siku unaliacha gereji piga picha dashibodi, geji ya mafuta, kilomita, betri, taili la spea, jeki, redio. Fanya mbele ya fundi kwa amani tu, mwambie "fundi hii ni kumbukumbu yetu wote wawili", hamna atakayekasirika.

Hatua ya 7: Umeme, maana ndio ulitaka kuniulia watoto

Piga hesabu kwanza. Friji ya 12V ya lita 40 hivi kwenye joto letu weka kama ampea-saa 40 kwa siku. Taa, simu na feni ndogo weka 20. Jumla 60. Betri ya lithiamu ya 100 unaweza kuitumia kama 80 bila kuiumiza, siku moja na kitu. Ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwahiyo kupata hiyohiyo unahitaji kama 160 hadi 200 na uzito wake ni mkubwa mno. Lithiamu ni ghali kununua ila kwenye gari mi sina mashaka nayo, hakikisha tu chaja zako ni za lithiamu.

Paneli za wati 200 juu ya paa na kontrola ya MPPT, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri, kwenye jua zuri zitarudisha hizo 60. Lakini Juni hadi Agosti mnajua huku kwetu chini ya Kilimanjaro na Meru mawingu yanakaa siku nzima, jua unaliona saa kumi. Kwahiyo weka na chaja ya DC-DC inayochukua umeme wa injini ukiwa barabarani. Usiunge betri mbili moja kwa moja kwa waya kama wanavyofanya kwenye spika za muziki.

Inveta kubwa (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya kuchemshia maji achana nayo. Birika la wati 2,000 kwenye 12V linavuta zaidi ya ampea 160, waya wake unakuwa mnene kama kidole na betri inashuka haraka. Chai pikia gesi.

Kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi. Kila waya. Ukitoboa bodi kupitisha waya weka mpira kwenye tundu, chuma kitaukata siku ukiwa mbali.

Gesi, maji, hewa

Mtungi wa kilo 6 unatosha. Ujengee boksi lake lililozibwa upande wa ndani na lenye tundu linalotokea chini ya gari, kwasababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, mahali ulipolala wewe. Zima mtungi wenyewe usiku, sio jiko tu.

Maji madumu mawili ya lita 20 na pampu ndogo, lita moja ni kilo moja usijisahau ukaweka tenki la 150. Uzito wote ukishajua muulize fundi kama springi za nyuma zinahitaji kuongezwa jani.

Madirisha mawili yanayofunguka pande tofauti, yenye wavu. Na jiko la mkaa LISIINGIE ndani ya gari hata liwe limebaki majivu mekundu tu, hata baridi ya Ngorongoro ikukate vipi. Ile hewa yake haina harufu, watu wanalala hawaamki. Beba mablanketi.

Hatua ya 8: Kadi na bima

Kabla hujatoa siti au kukata paa nenda TRA uulize kuhusu kubadilisha taarifa za kadi, na bima waambie kwa maandishi gari limebadilishwa nini. Ukikaa kimya siku ya ajali wana sababu ya kukukatalia. Siti zinazobaki kwa abiria ziwe na mikanda iliyofungwa kwenye chuma cha gari, sio kwenye kitanda cha mbao.

Hatua ya 9: Kulipokea

Usiku wa kwanza lala karibu na nyumbani, Marangu au hata uwanjani kwako, umewasha kila kitu. Wa pili nenda barabara mbaya kilomita kama 50, simama kila lisaa upapase waya na viunganishi kwa mkono, cha moto kina tatizo. Ukirudi mpelekee fundi orodha, mkae naye mfungue makabati mkaze nati zote upya, na mkirudia tena baada ya kilomita 500 ndipo ile hela ya nne unamkabidhi.